Mwongozo kamili: kujua ulinzi wa dawa ya kibayolojia unaisha lini, na kama unakuhusu ukiwa Mtwara au Lindi

Swali lilelile limenifuata tangu msimu wa korosho uliopita: "Dawa hii hataza yake imeisha, mbona huku bei haishuki?" (Hataza ni patent, yaani haki ya pekee ambayo mgunduzi hupewa kwa muda.) Nimeulizwa na wafamasia wa Masasi na Nachingwea, na muuguzi wa Lindi mjini, na wanafunzi wa famasia, na familia zinazompeleka mgonjwa Dar es Salaam kwa basi kila baada ya wiki tatu. Kila mmoja alikuwa ameshapekua mtandaoni, na kila mmoja alikuja na tarehe mkononi. Karibu tarehe zote zilikuwa za kweli. Shida ni kwamba zilikuwa za Marekani.

Anayekwama hapa hukwama kwa sababu anatafuta tarehe moja. Dawa ya kibayolojia hulindwa kwa makufuli kadhaa, na kila nchi ina yake: hataza ya dawa yenyewe, hataza za namna ya kuitengeneza na kuitumia, na ulinzi wa data ambao mamlaka ya dawa humpa mtengenezaji wa kwanza, yaani muda ambao wengine hawaruhusiwi kutegemea majaribio yake. Kufuli la Washington halifungi mlango wa Mtwara, na likifunguliwa haliufungui. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyumbani, kinyume na wengi wanavyofanya.

Nitatumia neno bayosimila. Ni dawa ya kibayolojia ya kampuni nyingine, iliyothibitishwa kufanana na ile ya kwanza kwa ubora, usalama na matokeo. Haiitwi jenerika, kwa sababu hutengenezwa na chembe hai, na chembe hai hazitoi nakala sawa kabisa kama kidonge cha kemikali.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Boksi la dawa au kipeperushi chake. Ukikosa, picha inayosomeka ya pande zote za boksi.
- Kompyuta, au simu yenye bando la kutosha. Kwa hatua ya 4 kompyuta ni bora, maana jedwali la familia ya hataza, yaani hataza za ugunduzi mmoja katika nchi mbalimbali, halisomeki vizuri kwenye kioo cha simu.
- Daftari. Gawa ukurasa safu tano: nchi, aina ya ulinzi, tarehe ulipoanza, tarehe unapoisha, na ulipoipata taarifa hiyo pamoja na siku uliyoiona.
- Mwongozo wa matibabu na orodha ya taifa ya dawa muhimu, yaani NEMLIT.
- Ankara ya mwisho ya dawa hiyo, ili ujue hasa mnalipa kiasi gani.

Tenga nusu siku. Safu ya tano ya daftari usiiruke hata ukiwa na haraka. Nimewahi kuona ombi lililopelekwa kwenye kamati ya dawa ya hospitali likikataliwa kwa sababu mwandishi alishindwa kusema tarehe aliitoa wapi.

## Hatua ya 1: Andika jina la asili, si jina la biashara

Humira ni jina la biashara, adalimumab ndilo jina la asili. Vivyo hivyo Herceptin na trastuzumab, Lantus na insulini glargine. Rejista za dawa utakazotumia hukuruhusu kutafuta kwa jina la asili, na bayosimila hazitabeba jina la biashara la dawa ya kwanza.

Andika pia nguvu, umbo na namna inavyotolewa: kichupa cha unga, sindano iliyojazwa tayari, au kalamu. Hili litakusaidia baadaye, kwa sababu wakati mwingine dawa iko huru lakini kalamu yake ina hataza.

Tahadhari: Marekani huongeza herufi nne zisizo na maana mwishoni mwa jina la bayosimila, kwa mfano adalimumab-atto. Ukitafuta huku kwetu, ziondoe.

Umefanikiwa ukiwa na mstari mmoja ambao mfamasia yeyote akiusoma hatahitaji kuuliza "ipi?"

## Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni ya kibayolojia

Majina yanayoishia na -mab ni kingamwili. Insulini, filgrastim, epoetin na etanercept nazo zimo. Sababu ya kuhakikisha ni kwamba kanuni hutofautiana sana: Marekani, dawa mpya ya kemikali hupewa miaka 5 ya ulinzi wa data, ya kibayolojia hupewa 12. Ukichanganya, hesabu yako inapotea kwa miaka 7.

## Hatua ya 3: Anza na rejista ya TMDA

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo jibu lilipo mara nyingi.

Fungua rejista ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, utafute kwa jina la asili. Andika kila bidhaa inayotokea: jina, mtengenezaji, nchi yake, na kama usajili bado hai. Kisha jiulize swali moja tu: kuna watengenezaji wangapi?

Ukikuta watengenezaji wa kampuni tofauti, kwa kawaida maana yake bayosimila imeshasajiliwa Tanzania. Mara nyingi swali la tarehe limekwisha kwako. Kilichobaki ni manunuzi, kwa hiyo nenda moja kwa moja hatua ya 7. Nimeona watu wakisoma kesi za mahakama za Marekani usiku kucha, kumbe bayosimila iko kwenye rejista na hakuna aliyeiagiza.

Ukikuta mtengenezaji mmoja tu, usihitimishe kwamba ni hataza. Huenda hakuna kampuni iliyoomba usajili, kwa kuwa soko letu ni dogo na maombi yana gharama. Endelea hatua ya 4.

Rejista isipofunguka au ikikuchanganya, ofisi ya TMDA ya Kanda ya Kusini iko hapa Mtwara. Nenda na mstari wako wa hatua ya 1. Ukiwa nao mkononi, maswali yanakuwa machache.

Umefanikiwa ukiweza kusema: "Leo, watengenezaji wa dawa hii waliosajiliwa Tanzania Bara idadi yao ni hii, na majina yao ni haya."

## Hatua ya 4: Tafuta hataza inayofika Tanzania

Hataza ya dawa inaweza kutufikia kwa njia mbili: kupitia BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, au kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, lenye makao Harare. ARIPO hupokea ombi moja, na mwombaji hutaja nchi anazotaka zilindwe. Tanzania ni mwanachama. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake, kwa hiyo kama unanunua kwa ajili ya huko, uliza kivyake.

Anza na MedsPaL, hifadhidata ya bure ya Medicines Patent Pool. Andika jina la asili, chagua Tanzania. Itakuonyesha kama kuna hataza iliyotolewa, ombi linalosubiri, au iliyokwisha muda. Haina dawa zote, ila nyingi zenye hataza katika orodha ya dawa muhimu za WHO zimo.

Dawa isipokuwemo, nenda Espacenet, hifadhidata ya bure ya hataza ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Na hapa nieleze kwa kirefu, maana ndipo penye kilio. Watu huandika "Herceptin" au "trastuzumab" kwenye kisanduku cha kutafutia, wanapata maelfu ya hataza za watu wengine, wanakata tamaa. Sababu ni rahisi: ombi la hataza huandikwa miaka mingi kabla dawa haijapewa jina. Hataza ya msingi ya adalimumab inazungumzia kingamwili za binadamu dhidi ya protini fulani ya uvimbe, na jina tunalolijua lilikuja baadaye. Kwa hiyo usitafute kwa jina. Tafuta kwa namba.

Namba utaipata kwenye Purple Book, rejista ya dawa za kibayolojia ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, au kwenye taarifa za kesi za dawa hiyo. Ya adalimumab ni US6090382. Iingize Espacenet, fungua sehemu ya familia ya hataza, kisha pitia orodha ukitafuta namba zinazoanza na AP, yaani ARIPO, au TZ. Ukiona AP, angalia kama Tanzania imetajwa, halafu uandikie ARIPO au BRELA kuuliza kama ada ya mwaka imelipwa. Ada isipolipwa, hataza hufa kabla ya muda wake.

Usipoona AP wala TZ, tazama tarehe ya kwanza kabisa ya familia hiyo. Ombi la kimataifa huwa na miezi 31 tangu tarehe hiyo kuingia ARIPO. Ikiwa imepita na hakuna aliyeingia, hakuna anayeweza kuileta leo.

Tahadhari mbili. Kwanza, Purple Book huorodhesha hataza tu pale kampuni mbili zilipobadilishana orodha kabla ya kesi. Sehemu hiyo ikiwa tupu, haimaanishi dawa haina hataza. Pili, kumbukumbu za ARIPO ndani ya Espacenet huchelewa. Kabla ya kutia saini mkataba wa kuagiza mzigo, pata jibu la maandishi kutoka BRELA, na kama fedha ni nyingi, mwone wakili wa hataza.

### Na ule msamaha wa nchi maskini?

Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, zisilazimike kulinda hataza za dawa wala data za majaribio hadi tarehe 1 Januari 2033. Uamuzi huo ulifanywa Novemba 2015. Ni haki kubwa, na ninatamani kila mnunuzi wa dawa wa kusini aijue.

Lakini isome vizuri. Msamaha unairuhusu nchi, haufuti hataza iliyokwisha kutolewa. Kama ARIPO ilitoa hataza inayotaja Tanzania na ada inalipwa, hataza hiyo iko hai mpaka sheria yetu wenyewe iseme vingine. Usiende kwenye kamati ukidai kwamba hataza hazituhusu.

## Hatua ya 5: Soma makufuli ya nje, kwa sababu ya ugavi

Kama hapa kwetu hakuna hataza, kwa nini tuhangaike na ya nje? Kwa sababu anayetengeneza bayosimila hujenga kiwanda akilenga masoko makubwa. Yakifunguka, uzalishaji unaongezeka na sisi tunapata wa kumwomba.

Marekani: chukua tarehe dawa ilipopewa leseni kwa mara ya kwanza. Ongeza miaka 4, ndipo mshindani anaruhusiwa kuwasilisha ombi. Kutoka tarehe ileile ongeza 12, ndipo FDA inaruhusiwa kuliidhinisha. Utafiti kwa watoto unaweza kuongeza miezi 6, na dawa ya ugonjwa adimu ina miaka 7 inayohesabiwa pembeni. Nguvu mpya, kalamu mpya au ugonjwa mpya wa kutibiwa havianzishi 12 upya. Watu wengi huhesabu kutoka tarehe ya kalamu mpya, wanapotea.

Ulaya: miaka 8 ya ulinzi wa data, kisha 2 ambamo bayosimila inaweza kuidhinishwa lakini haiuzwi, na 1 zaidi ikipatikana tiba mpya yenye faida kubwa. Ndiyo kanuni iliyosimama tangu mwishoni mwa 2005, na marekebisho yake yamekuwa mezani tangu 2023, kwa hiyo kwa dawa mpya hakiki kabla ya kuhesabu.

Hataza yenyewe ni miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Marekani na Ulaya huongeza muda kufidia miaka iliyopotea kwenye majaribio, kwa ukomo: Marekani nyongeza haiwezi kuivusha hataza zaidi ya miaka 14 baada ya leseni, Ulaya 15.

## Hatua ya 6: Fanya hesabu, ukianza na mfano huu

Mzee mmoja wa Tandahimba alikuja kwenye dirisha langu la dawa baada ya mnada, malipo ya korosho yameshaingia. Binti yake ana baridi yabisi, na daktari bingwa wa Dar es Salaam alikuwa amemwandikia adalimumab. Alinionyesha simu. "Mwanangu, hapa wanasema 2016. Si imepita?" Nikamjibu kwamba ndiyo imepita, asubiri kidogo bei itashuka. Jibu hilo lilikuwa baya, na lilimgharimu miezi. Hesabu niliyopaswa kumfanyia siku ile ni hii:

Leseni ya kwanza Marekani: 31 Desemba 2002. Jumlisha 12, unapata 31 Desemba 2014. Kufuli la data limefunguka.

Hataza ya msingi: ombi la Februari 1996, jumlisha 20, Februari 2016. Nyongeza ya muda hufika ukomo miaka 14 baada ya leseni, yaani 31 Desemba 2016. Hiyo ndiyo 2016 ya kwenye simu ya mzee, na ni kweli.

Bayosimila ya kwanza Marekani, Amjevita ya Amgen, iliidhinishwa Septemba 2016. Ikauzwa lini? Tarehe 31 Januari 2023. Kati ya idhini na duka ilipita miaka zaidi ya 6, kwa sababu AbbVie, kampuni yenye Humira, ilikuwa na hataza nyingine zaidi ya 100 juu ya dawa hiyohiyo: za dozi, za mchanganyiko wa maji yake, za namna ya kuitengeneza. Amgen ilipatana nao mwaka 2017, tarehe ikawekwa. Ulaya bayosimila ziliingia sokoni Oktoba 2018.

Dawa moja, na tarehe tano: 2014, 2016, 2016, 2018, 2023. Hakuna hata moja inayotaja Mtwara.

Kwa hiyo, kando ya tarehe ya hataza ya msingi, daima andika swali la pili: kuna hataza za pembeni? Etanercept ni mfano mchungu zaidi. FDA iliidhinisha bayosimila yake Agosti 2016, mahakama zikathibitisha hataza za mwenye dawa, na Marekani inasubiri hadi 2029. Ulaya wanaitumia bayosimila tangu 2016. Anayesoma habari za Marekani pekee atadhani bayosimila hiyo haipo duniani.

Trastuzumab ni kinyume chake, na inatia moyo. India iliidhinisha bayosimila mwaka 2013. Ulinzi wa Ulaya uliisha 2014, wa Marekani 2019. Desemba 2019 WHO ikaipitisha bayosimila ya kwanza ya trastuzumab kwenye mpango wake wa uhakiki. Dawa iliyopitishwa hivyo ina njia fupi ya usajili, kwa kuwa TMDA hushirikiana na WHO kutumia tathmini iliyokwisha kufanywa.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa wenye tarehe si chini ya nne, kila moja na nchi yake, na hakuna hata moja iliyoandikwa "hataza imeisha" bila kusema wapi na ipi.

## Hatua ya 7: Kutoka tarehe hadi jokofu

Sasa andika hitimisho kwa sentensi moja. Litakuwa mojawapo ya haya:

Bayosimila imesajiliwa hapa. Peleka ombi kwenye kamati ya dawa na tiba ya hospitali yako, ukiambatisha namba ya usajili, ankara ya zamani na nafasi ya dawa kwenye NEMLIT. Kisha uliza MSD (Bohari ya Dawa) Kanda ya Mtwara kama wanayo au wanaweza kuileta. Wasipokuwa nayo, omba jibu la maandishi, ndilo litakalokuruhusu kwenda kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa.

Haijasajiliwa, na hataza haipo hapa. Kinachokosekana ni mwombaji. Andikieni wakala wa mtengenezaji aliyepitishwa na WHO, mkitaja idadi ya wagonjwa wa mikoa yote miwili. Wakala hasikii mgonjwa mmoja wa Newala, anasikia hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao zikiandika barua moja. Kwa mgonjwa asiyeweza kusubiri, TMDA ina utaratibu wa kibali maalumu cha kuingiza dawa isiyosajiliwa. Daktari ndiye aanzishe.

Hataza ipo hapa na iko hai. Andika tarehe inapoisha, na uulize mwenye dawa kama ana mpango wa bei nafuu au leseni ya hiari, yaani ruhusa kwa wengine kuitengeneza. Usinunue mzigo wa kupitishwa mpakani na mtu asiye na kibali. Zaidi ya kesi, hutajua kilichomo kwenye kichupa.

Tahadhari ya mwisho, na naisema kwa uchungu. Dawa hizi nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikiganda zimeharibika, zikipata joto kupita kiasi zimeharibika, na kwa macho huwezi kujua. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 500. Nimepokea boksi lililolazwa juu ya barafu moja kwa moja, bila kadibodi katikati, vichupa vya chini vimeganda. Tuliteketeza mzigo ambao familia tatu zilikuwa zinausubiri. Mwombe msafirishaji aweke kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu, na usisaini kabla ya kukisoma.

## Hatua ya 8: Panga siku ya kurudi

Rejista hubadilika. Andika juu ya ukurasa tarehe ya kuangalia tena. Mimi hurudia kila Januari na kila Julai, kwa dawa zote za kibayolojia ambazo wagonjwa wetu wanatumia, na kazi hiyo huchukua asubuhi moja kwa sababu safu tano zimeshajaa na ninakagua tu kilichobadilika.

Mzee wa Tandahimba nilimpigia simu nilipomaliza ukurasa wa adalimumab. Shikamoo ilipoisha nikamsomea tarehe zote, ya kila nchi, kisha nikamwambia ile ya 2016 aisahau, na kwamba karatasi ya kupeleka kwa daktari wa binti yake iko tayari, imeandikwa jina la asili, hali ya usajili na mtu wa kumwona TMDA. Akaniambia niisome tena polepole, kuna mtu pembeni yake anaandika.